Chuo cha Cairo kilichobishana na piano

Hakuna mpiga ala wa taarab Unguja asiyekijua kisa cha Mohamed bin Ibrahim. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa makuu: kajenga Beit al-Ajaib, kaingiza maji ya mfereji mjini, kaleta na wapigaji kutoka Misri waje kumtumbuiza jumbani kwake. Hakutosheka na wageni. Akamtuma Mohamed bin Ibrahim aende Cairo kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, naye akajifunza, akarudi, akawafundisha wenziwe. Wazee wakikisimulia kisa hiki hukipitisha mbiombio, maana wana hamu ya kufika kwenye mambo yetu wenyewe: klabu ya Ikhwani Safaa iliyoundwa 1905, Siti binti Saad na santuri zake, ugomvi wa klabu na klabu. Cairo inapitwa kwa sentensi moja. Kijana kapanda chombo, kijana kashuka na kanuni kwapani.

Mimi hupiga fidla, safu ya nyuma, katika klabu ambayo haina haja ya kutajwa, na sentensi ile moja imenikera tangu zamani. Huko Cairo alikaa kwa nani? Alifundishwa vipi? Kwa hiyo nilipopata safari ya kwenda kumwangalia mtoto wa kaka yangu, anayesoma Al-Azhar, nilimwambia mapema kuwa mahali pa kwanza ninapotaka kupelekwa ni Chuo cha Muziki wa Kiarabu, Mtaa wa Ramses.

“Ami, watu wakija huku huanza na mapiramidi.”

“Mapiramidi yanapiga kanuni?”

Akacheka, akakubali kwa sharti moja: wakianza kuimba, yeye atanisubiri nje. Vijana wa Azhar wana msimamo wao, na mgeni habishani na mwenyeji wake.

Tulishuka metro stesheni ya Gamal Abdel Nasser, tukatokea juu kwenye honi, vumbi, makondakta wanaoita abiria na wauza soksi waliotandaza bidhaa zao njiani. Mtaa huu zamani ukiitwa kwa jina la Malkia Nazli, mke wa Mfalme Fuad. Katikati ya zogo hilo chuo kimekaa na matao yake na nakshi zake za Kiarabu, kimejipamba kama bibi harusi aliyeshushwa kituo cha daladala. Ukipita kwa basi hukioni. Ukipita kwa miguu ukakiona, unajiuliza nani aliona busara kujenga nyumba ya kusikilizia nai, filimbi ya tete, kwenye mtaa kama huu. Jawabu ni kwamba mtaa haukuwa hivi.

Kilianza kama klabu, tena klabu ya watu kama sisi: wapigaji na wapenzi waliokuwa wakikutana kupiga na kusikiliza, wakiongozwa na Mustafa Reda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga kanuni. Baadaye wakapata himaya ya jumba la kifalme, na Mfalme Fuad akaja kulifungua jengo hili mwishoni mwa 1929. Nilipiga hesabu nikiwa bado mlangoni. Barghash alikufa 1888. Mohamed bin Ibrahim, popote alipofundishwa, hakufundishwa hapa. Matofali ya nyumba hii yalikuwa hayajachomwa.

Basi alifundishwa wapi? Kisa chetu hakisemi, lakini namna muziki ulivyofundishwa Cairo zama zile inajulikana. Ilikuwa enzi ya Abduh al-Hamuli, mwimbaji wa jumba la Khedive Ismail, mtawala wa Misri, na mpiga kanuni wake mashuhuri Muhammad al-Aqqad. Kundi lilikuwa dogo: kanuni, udi, nai, rika (tari ndogo), na fidla ya Kizungu ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imemng'oa kamanja wa zamani, ala nyingine ya upinde, ikamchukulia na jina lake. Wanne watano na mwimbaji wao. Nota hakuna. Mwanafunzi alikaa ubavuni kwa ustadhi, akatazama mkono wa kushoto, akafuata kundi harusini, na akipewa nafasi ya kupiga ilikuwa ni pale ustadhi alipotaka kwenda kuvuta sigara. Sikusoma hayo nikashangaa. Ndivyo nilivyofundishwa fidla mimi, Mji Mkongwe, miaka 100 baadaye, ila ustadhi wangu alikuwa anakwenda kunywa kahawa.

Ndani kuna makumbusho ya ala. Nitayapita haraka, kwa kuwa ala ndani ya kabati la kioo hunitia huzuni: udi zimelala chali, nai zimepangwa kwa urefu, rababa zina uzi mmoja au miwili na haziwezi kujitetea. Mtoto wa kaka yangu alizisoma karatasi za maelezo zote kwa sauti, kwa Kiarabu kilichonyooka, akajisikia. Kilichonifaidisha kilikuwa ukumbini.

Ukumbi wa maonyesho bado unatumika. Siku hizi uko chini ya Nyumba ya Opera ya Cairo na mara kwa mara huwa na tamasha za muziki wa zamani. Mchana ule mpigaji mmoja alikuwa jukwaani peke yake, analinganisha nyuzi za kanuni yake kwa ajili ya usiku. Anayejua kazi hiyo anajua si ya dakika mbili. Kanuni ya kawaida ina safu 26, kila safu nyuzi tatu zenye sauti moja, jumla nyuzi 78, na ukimaliza ya mwisho ya kwanza imeshashuka. Nilikaa kiti cha mbele nikangoja. Alipoinua kichwa nikamsalimia, nikamwambia natoka Zinjibar, napiga fidla.

“Huko mnapiga kanuni?”

“Tangu kabla babu yako hajazaliwa,” nikamwambia, na kijana wangu akaitafsiri kwa adabu zaidi kuliko nilivyoisema.

Akanipandisha jukwaani. Kwa mara ya kwanza nikaiona kanuni ya Cairo kwa karibu, na macho yangu yakaenda pale panapowauma wapiga kanuni wa kwetu: upande wa kulia, ambako daraja la nyuzi hukalia vipande vya ngozi ya samaki. Yake ilikuwa imekaza, kavu, ukiigonga kwa kucha inalia. Cairo haina masika. Ya klabu yetu, mwezi wa Aprili, ngozi hulegea mpaka mwalimu huiwashia balbu ya umeme karibu saa nzima kabla ya mazoezi, na bado ikifika bashrafu ya pili, muziki wa ala bila kuimba, sauti imeteremka na sote tunateremka nayo.

Kisha akanionyesha urab, vile vishikizo vidogo vya shaba vilivyopangwa upande wa kushoto chini ya kila safu. Ukikiinua kimoja unaufupisha uzi, sauti inapanda kidogo, ukikilaza, inashuka. Mikono yake yote miwili ilikuwa na risha iliyobanwa kwa pete kidoleni, lakini ule wa kushoto ulikuwa na kazi mbili: unapiga, na baina ya pigo na pigo unaruka kugeuza shaba. Wapigaji wa zamani hawakuwa na vishikizo hivi. Walikuwa wakiubana uzi kwa ukucha wa kidole gumba, papo hapo, kwa sikio. Nikamwomba anipigie rast, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, akapiga. Ile sauti ya tatu ya rast, iitwayo sikah, ambayo kwenye piano haipo kwa kuwa inakaa baina ya vibao viwili, ilikuja pale pale ninapoijua. Nikamwomba bayati, maqamu nyingine. Kabla hajaanza akageuza kishikizo kimoja, cha sauti ile ile.

“Kwa nini umeigeuza? Si ni sikah ile ile?”

“Ya bayati inakaa chini kidogo.”

“Kiasi gani?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa chumvi inatiwa gramu ngapi. “Kidogo,” akasema, akaendelea.

Ilinibidi nicheke, na si kwa ajili yake. Ndani ya jengo hilihili, Machi na Aprili 1932, watu wenye shahada kutoka nchi kadhaa walikaa kutafuta jawabu la swali nililomuuliza, wakaondoka bila kuafikiana.

Ulikuwa Mkutano wa Muziki wa Kiarabu. Wazo lake lilitoka kwa Baron Rodolphe d'Erlanger, tajiri na mchoraji aliyekuwa akiishi Sidi Bou Said, Tunisia, na aliyeusoma muziki huu kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe maradhi yalimzuia kuhudhuria, na mwaka huohuo akafariki. Mfalme Fuad akaalika. Kutoka Ulaya wakaja watunzi Béla Bartók na Paul Hindemith, na wataalamu wa muziki Curt Sachs, Erich von Hornbostel, Robert Lachmann na Henry George Farmer. Uturuki ikamleta mtaalamu wake Rauf Yekta. Iraq, Tunisia, Algeria, Moroko na Sham zikaleta watu wao, wengine na makundi mazima ya wapigaji. Wakagawanywa kwenye kamati: ya maqamu na mapigo, ya ngazi za sauti, ya ala, ya elimu, ya historia, ya kurekodi.

Moto uliwaka kwenye kamati mbili. Ya ngazi za sauti ilitaka kujua kama nafasi ya oktavu, baina ya sauti moja na mwenzake wa jina hilohilo juu yake, inaweza kukatwa vipande 24 vilivyo sawasawa, wazo lililoandikwa karne ya 19 na Mikhail Mishaqa wa Lebanon. Wamisri wengi walilipenda, kwa sababu kitu kilichopimwa kinaandikika, na kinachoandikika kinafundishika skuli. Mturuki akasema hapana, sikah ya kwetu inakaa juu zaidi. Wa Sham wakasema yao nayo iko pengine. Wakalinganisha nyuzi, wakapima, wakasikiliza, wakabishana. Ukweli niliouona jukwaani, kwamba sikah moja ya mtu mmoja kwenye kanuni moja inahama kwa kutegemea maqamu, uliwashinda kuuweka kwenye jedwali.

Kamati ya ala ikabishana juu ya piano. Wapo Wamisri walioitaka, ama ilivyo, ama iliyotengenezwa upya iwe na vibao vya robo za sauti. Na ziko zilizokuwa zimeshaundwa. Waliitaka pamoja na selo, kwa kuwa walitaka muziki wao uwe mkubwa, ujaze ukumbi, usimame mbele ya okestra ya Kizungu bila haya. Sachs na baadhi ya Wazungu wenzake wakawaonya: msiziingize, zitaua mlichonacho. Nimeyasoma mabishano haya zaidi ya mara moja, na kila mara napata hasira za aina mbili. Mzungu ambaye kwao piano imejaa kila sebule anamwambia Mmisri asiiguse, kana kwamba muziki wa Mmisri ni mtungi wa kale unaopasuka ukiguswa. Lakini na Mmisri naye anataka kuyachukua masikio ya akina al-Aqqad ayaingize kwenye rula. Ukinilazimisha kuchagua, nitakaa na Wamisri, kwa kuwa nyumba ilikuwa yao na walikuwa na haki ya kuvunja ukuta wao. Ile rula tu ndiyo nisingeinunua.

Na Sachs, Hornbostel na Lachmann, waliokuwa na wasiwasi hivyo juu ya urithi wa wengine, mwaka uliofuata walifukuzwa kazini kwao Ujerumani na serikali ya Hitler kwa sababu ya asili yao ya Kiyahudi. Kundi la Iraq lililomsindikiza mwimbaji Muhammad al-Qubbanji, ambalo wengi hulihesabu kuwa bora kuliko yote ya mkutano ule, wapigaji wake karibu wote walikuwa Mayahudi wa Baghdad. Miaka 20 haikupita jamii yao nayo ikawa imehama karibu yote. Katika picha za kikundi za 1932 wamekaa wote pamoja, na tarbushi na suti zao, hawajui.

Kamati ya kurekodi, iliyosimamiwa na Lachmann, ndiyo iliyoacha kitu cha kushika mkononi. Kampuni ya HMV ilirekodi zaidi ya santuri 160: al-Qubbanji, Khemais Tarnane wa Tunis, Larbi Bensari wa Tlemcen, na wengine. Hapo ndipo nilipomgeukia kijana wangu nikamuuliza nani hayumo.

“Sisi,” akasema.

Sisi. Zanzibar haikuwemo. Na kampuni ni ile ile. Mwaka 1928, miaka minne kabla, HMV walimchukua Siti binti Saad na wenziwe mpaka Bombay, wakamrekodi, na santuri zake zikauzwa pwani nzima. Kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni hiyo mwanamke wa Fumba na mwimbaji wa Baghdad walikuwa bidhaa za duka moja. Lakini hakuna aliyefikiria kuwa udi unaosindikiza Kiswahili una neno la kusema kuhusu maqamu. Siilaumu Cairo sana kwa hilo. Taarab ya jumbani ilikuwa ya Kiarabu. Siti aliitoa nje, akaiimba kwa lugha ya watu, na wakati wakubwa wanakaa kwenye kamati yeye alikuwa kazini.

Tena kuna jambo ambalo lingewachekesha wajumbe wote wa 1932, wa kila upande. Klabu zetu ziliingiza akodiani. Hakuna mfalme aliyealika, hakuna kamati iliyokaa. Mtu alikuja nayo, ikapendeza, ikakaa mbele karibu na kanuni, na mpaka leo taarab ya Unguja bila akodiani watu wanaiona ina kilema. Akodiani ina tabia zote za piano walizoziogopa: sauti zake zimefungwa, robo haina. Wamisri nao waliichukua baadaye, ila mafundi wao walizichonga zile ndimi za ndani mpaka zikatoa robo. Sisi wengi tuliipokea ilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo kinachotokea kwenye mazoezi yetu ni hiki: wimbo uko kwenye rast, fidla tunapiga sikah yetu, akodiani inaingia na sauti ya kiwandani, na sisi safu ya nyuma, bila kuambizana, tunakipandisha kidole kidogo tukutane nayo. Akodiani ikinyamaza, kidole kinarudi. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na nilikuwa sijapata kuwaza kwamba ni jambo. Pale ukumbini nikaliwaza. Vijana wanaoanzia kwenye kinanda cha umeme hawana pa kurudisha kidole, kwa kuwa hawajawahi kuisikia ile nyingine, na hilo, kuliko piano yoyote, ndilo ningelipeleka mbele ya kamati kama kungekuwa na kamati. Ndiyo maana nawaombea dua wanaofundisha kanuni na udi pale Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, waliofungua milango 2002 na wamepigana na ukata tangu hapo.

Vyumba vya Mohamed Abdel Wahab, mtunzi na mwimbaji wa Misri, vilivyo kwenye jengo hilohilo, ndivyo vilivyompendeza mtoto wa kaka yangu, aliyeapa hatasikiliza kuimba. Kuna udi wake, samani zake, vitu vyake vya kila siku. Kijana huyu anamjua Abdel Wahab kwa sababu baba yake, kaka yangu, alikuwa akimwimba akinyoa ndevu. Nikamwonyesha kuwa huyu ndiye aliyeyamaliza mabishano ya 1932 kwa njia yake: akajaza selo na besi kwenye okestra, na 1964, alipomtungia Umm Kulthum kwa mara ya kwanza, akamtilia gitaa la umeme nyuma yake. Kijana akasimama mbele ya picha akaanza kuimba kwa sauti ya chini, kisha akakumbuka sharti lake akakohoa.

Tulipotoka nikamwambia bado kuna kituo kimoja, Mtaa wa Mohamed Ali, kwenye maduka ya ala. Mwalimu wetu wa kanuni alikuwa amenipa orodha. Duka lilikuwa jembamba, udi zimening'inia mpaka mlangoni, na fundi alikuwa anabandika ngozi kwenye kanuni changa kwa gundi inayonuka. Nikaomba nyuzi. Akauliza kanuni yetu ni ya urab ngapi kwa safu, za Kituruki au za Kiarabu, maana za Kituruki huwa nyingi zaidi. Sikuwa na jawabu, nikampigia Mwalimu kwa WhatsApp na kumgeuzia fundi simu. Wakatazamana, mmoja na aproni yake ya gundi, mwengine na kikoi barazani kwake Kikwajuni.

“Muulize,” Mwalimu akaniambia, “anataka jawabu la kanuni ilivyoundwa au ilivyo sasa?”

“Ilivyo sasa, Mwalimu.”

“Ilivyo sasa, safu tatu za chini hazina urab kabisa, zimeanguka. Hizo nazibana kwa ukucha.”

Kijana akatafsiri. Fundi akaiacha gundi, akasema kitu kirefu, akaingia ndani.

“Anasemaje?”

“Anasema babu yake alikuwa akipiga hivyo, Ami. Na nyuzi anatupunguzia. Ila ngozi hapunguzi hata kidogo, anasema samaki kapanda bei.”

“Mwambie ngozi asituuzie,” Mwalimu akadakia kutoka Unguja. “Samaki tunao.”